Neno Lenye Nusu Mbili

Katika nyumba ya wazee tunayofanyia kazi hapa Garland, ughaibuni, yule msaidizi wa mazoezi ya viungo kutoka Tabora hubeba kijidaftari kwenye mfuko ambamo sisi wengine tunaweka glavu. Akisikia neno la Kiingereza lililounganishwa, hulikata kwa mstari katikati, kisha huulizia maana ya kila nusu. "Breakneck", yaani kasi ya hatari, ilimkera wiki nzima: vunja, shingo. "Huo ni mwendo au ni laana?" aliniuliza, huku akifuta viganja mapajani, kama afanyavyo kila anapotaka kumwinua mtu.

Jana mzee Hollis, askari mstaafu, alitakiwa kutembea hatua kumi. Akishindwa, angehamishiwa upande wa wasiotoka kitandani. Muuguzi wetu, Wawira, alisimama na fomu, akamwambia msaidizi: "Mwambie ni double-quick, haraka haraka, niko na wengine wananingoja." Mzee, aliyeshika neno hilo moja tu la Kiingereza, akamsahihisha kwa Kiingereza chake cha polepole: hiyo ni amri ya gwaride, si haraka tu, na zamani "quick" ilimaanisha hai. Msaidizi akatoa kijidaftari, akaandika, akakirudisha. Akafuta viganja. "Kushoto, kulia," akahesabu kwa sauti ya mchakamchaka wa shule, na mzee akainuka bila kuelewa hata neno moja. Walifika hatua kumi na mbili. Wawira akajaza fomu, akaenda. Mimi nilichungulia kijidaftari: neno, mstari katikati, na pembeni kwa herufi kubwa, HAI MARA MBILI.