Afisa Aliyepanda kwa Mgongo wa Shangazi

Habari ya kifo cha yule afisa ilinikuta Sharafiya, hapa Jeddah, nikiwa kwenye foleni ya mkate. Ilikuja kwenye kundi la simu la watu wa kwetu tunaofanya kazi Saudia. Moyo, walisema, alianguka nyumbani kwake Riyadh baada ya chakula cha mchana. Sijafika hata mbele ya foleni, kundi lilikuwa limefurika rambirambi: mtetezi wa wanyonge, baba wa wafanyakazi, nguzo yetu. Nilitoka pale bila mkate. Najua kwetu marehemu hasemwi vibaya, na mjane wake na watoto wake nawapa pole ya dhati. Lakini sifa zile sikubaliani nazo, na wasomaji wangu mnajua kwamba safu hii haina desturi ya kumpaka mtu manukato.

Nilimjua tangu chuo kikuu, tulipokaa chumba kimoja. Alizaliwa kwenye nyumba ya udongo karibu na machimbo ya mawe, ambako baba yake aliumia mgongo asifanye kazi tena. Aliyemwokoa ni shangazi yake. Mama huyo alikuja Jeddah kuwa mtumishi wa ndani katika nyumba moja ya Al-Nuzha, akafua, akapiga pasi, akabembeleza watoto wa watu ili mtoto wa kaka yake asome. Na mtoto alisoma kweli, hakuna darasa alilopita asiwe wa kwanza. Chuoni alichukua historia, na alichokipenda kuliko vyote ni habari za China ya wafalme, ambako mtoto wa mkulima aliweza kujifungia na vitabu miaka mingi, akafanya mtihani wa dola, akatoka na joho la hariri na jimbo zima la kutawala. "Mtihani haukuulizi baba yako ni nani," alikuwa akiniambia, amelala chali kitandani. "Mimi nitapanda hivyo hivyo." Nilimpenda kwa maneno yale. Akaifanya mitihani ya utumishi, akaifaulu yote, na miaka ilipopita nikamkuta Riyadh, kwenye ubalozi wetu, amevaa suti, kazi yake kupokea malalamiko ya wafanyakazi wa kwetu.

Hiyo ilikuwa miaka ya mageuzi. Wanawake wameanza kuendesha magari, sinema zimefunguliwa, na kila uliyekutana naye alikuambia mambo yamebadilika. Siku moja afisa alikuja Jeddah kikazi, tukakaa kula wali na kuku katika mkahawa wa Sharafiya. Asubuhi ile muuguzi mmoja rafiki yangu alikuwa amenipigia simu kuhusu msichana wa kwetu, mtumishi wa ndani, aliyetoroka kwa mwajiri wake. Nikamwambia amlete pale pale, kwa kuwa mwenye uwezo wa kumsaidia nilikuwa naye mezani. Msichana alikuja amefunika mkono kwa mtandio. Alipoufunua, kiganja kilikuwa kimebabuka chote. Madam alikuwa amemkandamiza kwa pasi ya moto.

"Mkubwa, sitaki makuu," alisema. "Nataka tu kurudi nyumbani."

Afisa hakuacha kula. "Mkataba wako umeisha?"

"Bado. Lakini nikirudi kule madam ataniua."

"Ukitoroka, mwenye kosa ni wewe. Nipe namba ya kafili wako."

Nilidhani anaitaka namba ya kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, ili amkaripie. Alimpigia papo hapo, akasema naye Kiarabu kwa upole, akacheka kidogo, akakata. "Anakuja kukuchukua. Omba msamaha, halas, yataisha." Nikamuuliza, msichana akisikia, kama angelifanya vile kwa shangazi yake.

"Shangazi alivumilia," alinijibu, akipangusa vidole. "Angekimbia, leo ningekuwa navunja mawe. Hawa wa siku hizi hawana subira."

Kafili alipofika nilimzuia mlangoni, nikamwonyesha jeraha. Afisa akanivuta kando akaniambia nisimwaibishe mbele ya yule bwana. Kisha akamshika msichana bega, akampeleka mwenyewe hadi kwenye gari, akamfungia mlango, akarudi kumalizia chai yake. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Huyu alimjua vizuri sana, na hilo ndilo linalonichefua hadi leo.

Haukupita muda mrefu akapandishwa cheo. Wakamfanyia karamu Riyadh, kwenye ukumbi wa mkahawa wa Al-Sulimaniyah, nami nikaenda. Alisimulia nyumba ya udongo, watu wakafuta machozi. Shangazi hakutajwa. Nilipomuuliza kwa nini hakumwalika, alisema mama yule sasa ni mzee, anasumbuliwa na mgongo, na hapa angejiona mpweke katikati ya wakubwa. Nikaiacha sahani yangu pale mezani nikaondoka, na tangu siku ile hatukusemezana tena.

Juzi nilimpigia yule msichana. Alirudi nyumbani mkataba ulipoisha, na vidole viwili vya mkono ule havikunjiki. Nilimpa habari. Nikasikia kuku wakilia nyuma yake.

"Alikuwa na watoto?" aliniuliza.

"Watatu."

"Basi nawaombea wao," akasema. "Yeye nimemwachia Mungu."

Tumezoea kumpima mtu kwa umbali aliopanda kutoka chini, tukidhani aliyewahi kuteseka atakuwa na huruma. Si kweli. Wapo wanaotoka kwenye mateso wakiamini kwamba mateso ni karo, na kila anayekuja nyuma yao sharti ailipe. Wazazi mnaonisoma, matokeo ya mtihani yakitoka, shangilieni, ni haki yenu. Ila kabla hamjamchinjia kijana wenu mbuzi, mwangalieni kwanza anavyomsemesha msichana anayemfulia nguo.