Ramani Upande Huu, Maneno Upande Ule

Wifi yangu ana ugonjwa mmoja usio na dawa: kuuliza. Kaka alipomwoa alituambia amepata mke mpole. Mpole ndiyo, lakini umletee chai, atataka kujua maji umeyachemshia sufuria ipi. Tunafanya kazi pamoja maktaba ya chuo kikuu, meza zetu zimepakana, na wahadhiri wamempachika jina la Mama Ruhusa.

Jina limetokana na kazi. Yeye ndiye msimamizi wa hifadhi ya kidijitali, yaani pale kwenye tovuti ya chuo ambapo mtu yeyote anaweza kusoma kazi za wahadhiri wetu bure. Kabla ya kuweka makala humwandikia mchapishaji wa jarida kuomba ruhusa. Mara nyingi jibu huwa lilelile: makala yetu iliyopambwa, yenye nembo yetu, msiiguse, wekeni mswada wa mwandishi, ule wa mwisho aliotukabidhi. Hapo ndipo balaa linapoanza, maana wasomi wetu hutunza ile iliyopambwa kama cheti cha ndoa, na mswada huutupa. Watu wazima na digrii zao! Mimi hukasirika. Wifi hufurahi, kwa kuwa amepata cha kuuliza.

Wiki moja alimwendea Profesa wa Maji, ambaye Ijumaa alikuwa anastaafu. Akishaondoka, mafundi wangefuta kila kitu kwenye kompyuta yake, ndio utaratibu. Makala yake kubwa kuliko zote, kuhusu visima vya mji na jinsi vinavyochafuka wakati wa mvua, ilikuwa imefungiwa kwa mchapishaji, haisomwi bila kulipia. Wanaokunywa maji ya visima hivyo hawakuwahi kuisoma, na jambo hilo lilimuuma sana mzee wa watu.

"Mswada ninao," alimwambia wifi, "lakini ni maneno matupu. Ramani anazo yule."

Yule ni Daktari wa Ramani, ofisi ya mkabala, mlango kwa mlango. Makala waliiandika pamoja. Mmoja alimpelekea mchapishaji maneno, mwingine ramani, na mchapishaji akaunganisha. Kisha wakagombana, na tangu hapo hawapikiki chungu kimoja. Akitoka huyu, yule anafunga mlango. Wifi alirudi mezani macho yanamng'aa.

"Wifi, hivi hawa waligombania nini?"

"Nitajuaje? Na wewe usitie pua."

"Mswada uko nusu huku, nusu kule. Nisipotia pua utaunganaje?"

Akaenda kwa Daktari wa Ramani, aliyemsikiliza kakunja uso. "Mwambie aje aombe mwenyewe." Akarudi kwa Profesa. "Nikamwombe? Kwa kazi yangu mwenyewe?" Alikwenda na kurudi kama mshenga wa harusi isiyotakiwa na bwana wala bibi. Nikamwambia achana nao, fahali wawili hawakai zizi moja. Akanijibu kuwa hawa wamekaa, tena miaka mingi, na ndicho anachotaka kukijua.

Alhamisi akamwambia Daktari ukweli mtupu. "Kesho jioni kompyuta yake inafutwa. Ramani zako zitabaki zikionyesha visima viko wapi, na hakuna wa kusema ndani yake mna nini." Daktari akazitoa, shingo upande, na Profesa naye akatoa maneno yake.

Ijumaa asubuhi wifi akaketi kuunganisha. Maneno yalisema, tazama ramani ya sita. Ramani zilikuwa tano.

"Inyofoe kwenye ile iliyopambwa," nikamshauri. "Nani atajua?"

"Mchapishaji kanijibu kiungwana, halafu nimwibie?"

Akampigia simu Profesa kumwambia kuna tatizo, aje. Akampigia na Daktari, maneno yaleyale. Hakumwambia yeyote kwamba mwenzake naye anakuja.

Walikutana mbele ya meza yake. Hakuna aliyesalimia. Wifi akawaonyesha kwamba ramani ya sita haipo. Daktari akachomeka flashi yake, zikatokea ramani mbili zinazofanana.

"Ni hii," akasema.

"Siyo hiyo," Profesa akadakia. "Haina kisima cha nyuma ya soko."

"Nyuma ya soko hapakuwa na kisima."

"Hapakuwa? Kiatu chako kilizama wapi siku ile?"

Mabega ya Daktari yakaanza kutikisika. "Na wewe ukakataa kunishikia tochi!"

"Ningeishikaje? Nilikuwa nacheka."

Wakacheka mpaka watu wakainua vichwa kwenye meza za kusomea. Wifi akaona hapo hapo ndipo pa kuuliza.

"Samahani wazee wangu, hivi mligombania nini?"

"Alikwenda kuieleza kazi yetu kwa madiwani bila kuniita," Profesa akasema.

Daktari akamgeukia. "Kumbe ni hilo? Mimi nilikasirika kwa sababu ulibadilisha hitimisho bila kuniuliza."

"Hitimisho lipi?"

Kumbe kila mmoja alinuna kwa sababu yake, na mwenzake haijui. Nilitamani kuwachapa makofi wote wawili.

Wifi akaweka ramani ya sita mahali pake, akapakia mswada, akafungua ukurasa waone. Profesa alisoma kichwa cha makala kwa sauti, polepole, akaomba aoneshwe tena kwamba mtu wa nje ataweza kuufungua. Akaoneshwa. Akafuta miwani, ingawa haikuwa na vumbi.

"Kuna visima vipya upande wa juu," Daktari akasema. "Nimevipima, lakini mimi ni mtu wa ramani, sijui maji yake yana nini. Jumatatu njoo ofisini tuanze."

"Jumatatu nitakuwa kwa binti yangu, ndugu yangu. Nimeshafunga mizigo. Ni safari ya siku nzima kutoka hapa."

Daktari alivuta kiti akakaa.

"Ulikuwa hapo mkabala," akasema. "Hatua mbili tu."