Ripoti ya Siri Niliyoianika

Asubuhi ninayoikumbuka mimi, mwanangu, ilianza na uji wa mtoto uliomwagika ndani ya begi langu la kazini. Nilifika ofisini pale Korogwe nanuka maziwa, nimechelewa, na bosi wetu Salimu amesimama mlangoni ananisubiri. Uji huo nautaja kwa sababu kwa muda mrefu niliusingizia. Nilikuwa nasema mtoto alikuwa anaota meno, sikulala, nilichoka, ndiyo maana nikafanya nilichofanya. Uongo. Nilifanya kwa kutaka kuonekana.

Nakuita mwanangu ingawa umenipita kimo na umri wetu haujaachana sana. Huyu wa kwangu bado ananyonya, najua sijafikia uzee wa kumkalisha mtu na kumpa nasaha. Lakini wewe ndiye utakayekaa kwenye kiti changu nikirudi kwetu Handeni, na sitaki ukikalie kama nilivyokikalia mimi.

Kazi yenyewe unaijua juu juu. Programu yetu ni ya kadi za kliniki. Mama mjamzito akiandikishwa na nesi, anapata meseji za kumkumbusha tarehe, na ndani ya meseji kuna linki ya kufungua kadi yake kwenye simu. Ni programu huria, maana yake maandishi yote yanayoiendesha yako wazi mtandaoni, anayetaka anayasoma, anayachukua, anayarekebisha. Vijana wengi wanaoitengeneza wanajitolea tu, wengine hatujawahi kuonana nao uso kwa uso. Sisi wachache ndio tunaolipwa na kampuni tuitunze. Kasoro zake zinaandikwa kwenye ukurasa ambao dunia nzima inauona: nani kaleta, nani karekebisha.

Sasa kuna kasoro nyingine ni tundu. Mtu mbaya akilijua kabla halijazibwa, anaingia. Hizo zina kikasha chake cha siri. Aliyeliona tundu anakunong'oneza wewe, wewe unawanong'oneza mafundi, wanaziba, halafu ndipo linatangazwa. Kikasha hicho alipewa mtu wa kidato cha nne, yaani mimi. Kusoma, kujibu, kupeleka panapohusika. Hakuna anayekuona ukifanya. Wale vijana wa kujitolea walikuwa wananiita mama wa uji, kwa kuwa nilikuwa nawajibu huku namlisha mtoto. Utani, walisema. Nilicheka nao, na moyoni niliweka.

Basi asubuhi ile Salimu akaniambia, "Dada, kesho wanakuja wageni wa kampuni. Watafungua ule ukurasa wa kasoro, na umelala kama makaburini. Ulicho nacho chochote weka pale, waone mradi una uhai."

"Chochote?"

"Chochote. Sisi si mradi wa wazi?"

Nilikaa, nikafuta uji kwenye begi, nikafungua kikasha cha siri. Kulikuwa na ripoti ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi kule Mashewa. Ndefu, imeanza na salamu, imepangwa aya kwa aya kama mtu anayesahihisha madaftari. Alisema alikuwa anafungua kadi kwenye simu yake, akaiandika linki kwa mkono, akakosea tarakimu ya mwisho, ikafunguka kadi ya mwanamke mwingine, na jina lake, na kila kitu. Aliifunga haraka. Aliomba tushughulikie kabla watu hawajajua. Chini yake kulikuwa na linki ya mfano, na maneno mengine machache.

Hayo maneno mengine sikuyasoma. Kichwani nilikuwa nimeshaanza kuandika kichwa cha habari. Niliinakili ripoti nzima, nikaibandika kwenye ukurasa wa wazi, juu yake nikaandika "Kadi za akina mama zinafunguka ovyo", na jina langu pembeni. Kabla ya adhuhuri vijana walikuwa wanamiminika. Mmoja akaandika, "Mama wa uji umetisha." Nilijinunulia soda, mwanangu. Nilikaa pale dirishani nakunywa soda na kuyasoma yale majibu tena na tena.

Maneno niliyoyaruka yalikuwa haya: "Linki hii ni ya kadi yangu mwenyewe. Nimeweka yangu ili nisimwanike mwenzangu. Mimba bado changa na sijamwambia mtu, naomba isipite hapo kwenu."

Mimba changa huku kwetu haisemwi. Wazigua hatusemi, Washambaa hawasemi, hata mume wakati mwingine anaachwa ahisi mwenyewe. Na mimi siwezi kudai sikujua. Mimba ya huyu niliyembeba mgongoni niliificha kwa sweta zito kwenye joto la Korogwe, na Salimu nikamwambia nina vidonda vya tumbo. Nilijua vizuri sana kinachofichwa na kwa nini kinafichwa.

Mmoja wa wale vijana wa kujitolea ni mzaliwa wa Mashewa. Aliichukua linki akaitupa kwenye grupu la watu wa nyumbani, na vikatuni vya kucheka: jamani, kadi zenu ziko barazani. Wifi yake mwalimu yumo kwenye lile grupu. Alifungua, akaona jina. Hakuwa na ubaya, maskini. Alikimbia kwa furaha kumwambia mama yake, na yule mama, aliyekuwa amengoja miaka mjukuu kutoka kwa mwanawe, mume wa mwalimu, akatoka nje na vigelegele, akapita nyumba hadi nyumba.

Jioni simu ya ofisi ikalia.

"Wewe ndiye unayesoma hizo ripoti?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni mwalimu wa Mashewa. Yangu uliisoma mpaka mwisho?"

Niliona aibu kusema sikusoma. Nikasema, "Niliisoma, mwalimu."

"Basi ulikusudia."

"Hapana, mwalimu. Sikufika mwisho."

"Ah. Nusu ilikutosha." Akakata.

Tundu lilizibwa jioni hiyo hiyo, maana halikuwa kazi kubwa. Yaani lingezibwa asubuhi ile ile, kama ripoti ningeipeleka panapohusika. Salimu akafuta yote niliyokuwa nimeandika pale ukurasani. Akasema, "Imekwisha. Hakuna kuandika kitu, hakuna kumwambia mtu. Wageni wakijua tumekwenda na maji." Na mimi nikaitika. Hapo ndipo aibu yangu ya pili ilipo, na kwangu ni kubwa kuliko ile ya kwanza. Aliposema tunyamaze nilishukuru, kwa sababu kunyamaza kulinificha na mimi. Asubuhi nilikuwa nimeianika siri ya mtu, jioni nikawa hodari wa kutunza siri, ya kampuni.

Siku zikapita. Nesi wa huko Mashewa alipiga simu kwa shida nyingine kabisa, na katika maongezi akasema yule mwalimu mimba imetoka. Nikamuuliza lini. Nadhani alinisikia jinsi nilivyouliza, kwa kuwa aliongeza mwenyewe: zilizotangulia pia zilitoka hivi hivi, si kwa sababu ya maneno ya watu.

Nilimfunga mtoto mgongoni nikapanda gari la asubuhi la Mashewa. Njiani nilipanga maneno mazuri. Nilipofika, mwalimu alikuwa uani anafua, na mama mkwe wake yuko kwenye mkeka anabambua mbaazi. Yule mama alinipokea vizuri, hakunijua. Akaniambia, "Mshushe mtoto, jua kali hili." Nikamshusha. Nikasema shikamoo, nikasema pole, na maneno mazuri yote yakaniishia hapo.

"Mama," mwalimu alisema bila kuacha kufua, "huyu ndiye wa kadi."

Yule mama aliendelea na mbaazi zake. Mtoto wangu akamtambalia, akachota maganda, naye akamwacha achezee. Kisha akasema, hata hakunitazama, "Mimi nilipita nyumba hizi zote na vigelegele, mwanangu. Imenibidi nizipite tena zile zile."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Ningetukanwa ingekuwa nafuu, ningepata cha kujibu.

Mwalimu akakamua nguo, akaanika. "Ningelia na mume wangu, tukanyamaza, tukaenda kazini," alisema. "Sasa napewa pole na watoto wa darasa la pili." Halafu akanigeukia. "Na wale wengine mmewaambia?"

"Wepi, mwalimu?"

"Ambao kadi zao zilikuwa zinafunguka. Au wenzangu hawana mawifi?"

Nilisema hatujawaambia. Aliniangalia kama anavyomwangalia mwanafunzi aliyekuja bila kazi ya nyumbani kwa mara ya pili, akarudi kwenye beseni lake. Sikupewa msamaha siku ile, na sikuwa na uso wa kuuomba.

Mimba ile sikuitoa mimi, mwanangu. Nimejiambia hivyo sana na ni kweli. Nilichomnyang'anya ni kulia bila kutazamwa, na hicho hakuna fundi anayeweza kukirekebisha.

Nilirudi Korogwe na hasira ambayo mpaka leo haijaisha, na sioni kwa nini iishe. Nilimkuta Salimu anakula. Nikamwambia tunawaandikia akina mama wote.

"Kampuni itaaibika, dada."

"Kampuni haina tumbo, Salimu."

"Na utaandika nini?"

"Kwamba kadi zao zilikuwa zinafunguka, na mimi nikaziachia mlango wazi."

"Nikikataa?"

"Ukikataa, kataa kule kwenye ukurasa, jina lako pembeni, watu wasome. Sisi si mradi wa wazi?"

Aliacha kula. Akanawa mikono polepole sana, akasema, "Leta hiyo rasimu nione." Salimu si mtu mbaya. Alikuwa anaogopa, na kila tulipotaja kampuni tulisahau kwamba kuna watu.

Tuliandika kwa Kiswahili cha kueleweka. Tuliwapigia manesi, wa Mpale, wa Dindira, wa Mashewa yenyewe, wawaeleze wenye simu za kitochi. Tulitukanwa. Mama mmoja wa Mpale alinipigia akauliza kwa sauti ya chini kama mumewe angeweza kuwa ameiona kadi yake. Nilimwambia sijui. Alikaa kwenye simu, nami nikakaa naye, mpaka salio lake likaisha.

Baadaye, nilipokuwa nimeanza kuamini kwamba yamepita, ikaingia ripoti nyingine kwenye kikasha cha siri. Ya mwalimu. Safari hii haikuwa na salamu wala aya.

"Meseji za kukumbusha kliniki zinaendelea kumfikia mama ambaye mimba yake imetoka. Leo nimepata yangu, imeniambia mtoto sasa anasikia sauti yangu. Sikuandikii wewe. Nawaandikia watakaoipata kesho."

Niliisoma mpaka mwisho. Kisha nikaenda kusimama chooni kidogo, nikarudi, nikamjibu: "Nimeipata, nimeisoma yote." Sikuongeza neno. Mafundi walishinda nayo kutwa, na sikubandika kitu popote. Ilipokwisha nilimwandikia kwamba imekwisha, na kwamba sasa tunaitangaza, na tuna desturi ya kumtaja kwa shukrani aliyeleta. Je, tuweke jina lake? Hakujibu. Ukifungua tangazo lile utaona tumeandika "Imeletwa na", halafu hakuna kitu. Nafasi hiyo naomba usiijaze.

Sasa nisikilize, halafu nikuache. Kikasha hiki siku nyingi kitakuwa kimya, na utadhani umewekwa pembeni. Kaa. Ikija ripoti, isome mpaka neno la mwisho kabla mkono wako haujagusa kitu, maana hujui mwenyewe kaweka nini chake humo ili asiweke cha mwenzake. Mjibu siku hiyo hiyo, hata kwa neno moja. Mtu aliyekunong'oneza halafu ukanyamaza anabaki anajiuliza amempa nani. Wape mafundi na usimpe mwingine yeyote, hata bosi akitaka cha kuwaonyesha wageni. Likishazibwa, waambie wenye kuhusika, wao kwanza, kwa maneno wanayoyaelewa, na hapo atakayekwambia unyamaze mgombanie kama ninavyojua unavyoweza kugombana. Tunapewa siri ili tuzibe tundu. Tundu likizibwa na bado tumenyamaza, ujue tunajificha wenyewe, na mimi nilishajificha humo, najua kulivyo. Na kama kosa limekuwa lako, panda gari uende, hata kama huna la kusema. Kaa wakuone.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya kufika mstari wa mwisho na moyo wa kutotamani soda yangu. Akuepushe na kuzipita nyumba zile zile mara mbili. Na siku ikifika ukabeba mimba, habari yako itoke kinywani mwako mwenyewe, siku uliyoichagua wewe, kwa mtu unayemtaka wewe.

Amina.