Mtu wa pili anafanya nini? Batuli achagua mashine ya maboksi

Saa mbili asubuhi, kwenye baraza la nyumba moja ya Gongoni, mjini Tabora, Selemani Nurdini amefumba macho huku karatasi ya manila imelala shavuni mwake. Anaishika kwa mkono wa kushoto, anaikunja kidogo, anaiachia. Anaigeuza na kuikunja tena.

"Huku," anasema.

Mkewe, Batuli, anachora mshale mdogo kwa penseli pale alipoonyeshwa, kisha anampa karatasi nyingine. Bodaboda inapita karibu kabisa na baraza na kuacha vumbi. Selemani hafumbui macho.

Mgeni anaweza kudhani mzee anasinzia. Kumbe hapo ndipo kila boksi la Batuli linapoanzia. Karatasi ina nyuzi zinazoelekea upande mmoja, na ukiikunja kwa kuzifuata, inakubali na kutulia. Ukienda kinyume chake, mkunjo unapasuka na kifuniko kinafunguka chenyewe, hata uweke gundi kiasi gani.

"Shavu linajua kuliko vidole," anasema Selemani polepole. Maneno yake siku hizi hutoka moja moja, na anayezungumza naye hana budi kusubiri.

Maboksi yao ni madogo, ya kutosha kipande cha halua, kashata mbili na tende kidogo. Ndoa ikifungwa msikitini, kila aliyehudhuria hupewa moja. Wengi hawali palepale. Hulibeba nyumbani kwa mama mgonjwa au kwa wajukuu, na ndiyo maana boksi linalofunguka njiani ni aibu ya mwenye harusi. Batuli ana wateja wengine pia, wauza asali wa Sikonge, ambao wanataka maboksi ya kuwekea chupa zao.

Kazi imekua, lakini mkono umeanza kukataa. Kifundo cha mkono wa kulia wa Batuli, mwenye umri wa miaka 56, kimevimba kwa sababu ya kisu. Anakifunga kitambaa cha kanga kuukuu na kuendelea.

"Daktari aliniambia niupumzishe mkono," anasema huku akicheka. "Nikamwambia sawa, baba. Nikarudi nyumbani nikakuta karatasi zinanisubiri."

Mwezi wa Shaabani unakaribia na harusi zitakuwa nyingi. Hivyo ameamua kununua mashine ya kukatia. Fedha anazo, akiba yake ya miaka kadhaa kwenye kikundi cha akina mama. Kilichomsumbua ni kuchagua, kwa kuwa mashine ikichaguliwa vibaya ingeweza kumnyang'anya mumewe kitu ambacho aliwahi kunyang'anywa mara moja, na Batuli hakuwa tayari kulishuhudia jambo hilo tena.

Selemani alikuwa mkata karatasi. Kwa zaidi ya miaka ishirini alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji mjini hapa, akisimama mbele ya kisu kikubwa kilichokata rundo zima la daftari kwa pigo moja.

"Wenzangu waume zao walirudi wananuka tumbaku," anakumbuka Batuli. "Wangu alinuka daftari jipya. Niliipenda harufu ile, sikufichi."

Miaka mitatu iliyopita alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilala, ulimi ukawa mzito, na kazi ikaishia hapo. Mtu aliyekuwa akiondoka alfajiri akawa anakaa kitandani na kuutazama ukuta. Majirani walikuja kumpa pole, wakaja tena, halafu wakapungua kama ilivyo kawaida ya majirani.

Batuli alianza maboksi kwa mabaki ya karatasi ambayo mumewe aliwahi kuyaleta nyumbani. Siku moja Selemani alinyoosha mkono wa kushoto na kuomba kisu. Batuli alimpa, akaingia ndani na kulia kwa furaha.

Alikata kwa moyo, ila alikata upogo. Mkono wa kushoto haukuwahi kufundishwa kazi hiyo, na maboksi yakatoka bega juu bega chini. Batuli akawa anayarekebisha kwa siri. Kila Selemani alipokwenda kuswali adhuhuri, alizichukua karatasi zake na kuzinyoosha kingo kwa rula ya chuma. Vipande vyembamba alivyovipunguza alivitumia kuwashia jiko la mkaa.

"Nilidhani namsaidia," anasema.

Siku moja jiko halikuwaka vizuri na Selemani akainama kulichochea. Alivikuta vipande vile. Aliyekata karatasi maisha yake yote haambiwi maana ya vipande kama hivyo.

Kwa siku kadhaa hakukigusa kisu. Kisha asubuhi moja alikuja barazani, akakiweka kisu mbele ya mkewe na kuketi.

"Aliniambia, Mama Zuwena, kisu nimekirudisha. Lakini karatasi nitaishika," anasimulia Batuli, na hapa anaacha kazi na kujifuta macho kwa ncha ya mtandio. Zuwena ni binti yao, aliyeolewa Mwanza.

Ndipo ilipoanza kazi ya shavu. Selemani huonyesha mwelekeo, Batuli hukata. Hakuna boksi linalotoka nyumbani hapo bila kupita mikononi mwa wote wawili.

Mashine ya kwanza ambayo Batuli alikwenda kuiona iko kwenye duka la vifaa vya ofisi karibu na stesheni. Mwenye duka, Julieth, ni binti mchangamfu anayependa kazi yake, na mwandishi alikuwapo siku hiyo.

"Shikamoo mama. Njoo uone maajabu," alimkaribisha.

Mashine yenyewe ni nyeupe na haizidi ukubwa wa mkoba wa safari. Julieth alichora boksi kwenye simu, akabandika manila juu ya mkeka wake wa kunata na kubonyeza. Kisu kidogo kilikimbia huku na huko kikinong'ona. Muda si mrefu boksi lilikuwa tayari, lina dirisha la umbo la moyo na jina la bibi harusi kifuniko kizima. Hata mwandishi, ambaye si mtu wa harusi, alitamani kuoa upya.

Batuli aliligeuzageuza boksi lile akilistaajabia. Kisha akauliza, "Na mtu wa pili anafanya nini?"

Julieth hakuelewa. "Mtu wa pili yupi, mama?"

"Huyu anayekaa na mimi."

"Hakuna mtu wa pili, mama. Unaiwasha, unakwenda kupika. Ndiyo uzuri wake."

Batuli alitabasamu, akashukuru na kusema atafikiri. Njiani, walipofika sokoni, alimgeukia mwandishi. "Mashine ni nzuri," alisema hapo. "Imenitisha."

Nyumbani mambo yalimgeuka. Selemani alisikia habari za mashine ile na kuipenda mara moja.

"Nunua ya umeme," alimwambia. "Mkono wako umevimba. Usininunulie mimi mashine. Nunua ya kazi."

Walivutana kwa zaidi ya wiki. Batuli alisema umeme hukatika, Selemani akasema hurudi. Batuli alisema simu yake ni ya kizamani, akajibiwa kwamba simu zinauzwa kila duka. Jambo lenyewe hasa hakuna aliyelitaja.

Halafu zikaja habari za Kornel. Huyu ni mtengeneza maboksi wa Kaliua ambaye anahamia kwa mwanawe Mpanda, na alikuwa anauza mashine yake ya mkono. Batuli aliomba waende kuitazama tu. Selemani, ambaye hakuwa amesafiri tangu augue, alikubali baada ya kubembelezwa sana. Walipanda treni kuelekea magharibi, kwenye reli inayofuata njia ya zamani ya misafara ya Ujiji, na Batuli anasema mumewe alikaa dirishani njia nzima akitaja majina ya stesheni kabla hawajazifikia.

Mashine ya Kornel ni chuma kitupu. Ina rola mbili nzito na mpini wa kuzungusha. Unaweka karatasi juu ya kalibu yenye visu vya umbo la boksi, unaifunika kwa ubao, unazungusha mpini, na vyote vinapita katikati ya rola. Upande wa pili boksi linatoka limekatwa na kuchorwa mikunjo. Kila umbo linadai kalibu yake, nazo si rahisi. Ukijumlisha mashine na kalibu mbili, bei inakaribia ile ya dukani kwa Julieth, milioni moja na ushee.

Kornel aliweka kiti mahali anapokaa mwenyewe. "Karibu Mzee Selemani, jaribu."

Selemani aliketi. Mpini ulikuwa kulia kwake. Aliutazama, akautazama na mkono wake uliolala mapajani. Alijaribu kupitisha mkono wa kushoto mbele ya kifua, ukafika, lakini haukuwa na nguvu ya kuzungusha.

"Nilitamani nisingemleta," anasema Batuli. "Uso wake ulikuwa uleule wa siku ya jiko."

Kornel, kwa wema wake, alitaka kumshikia mpini. Batuli akamzuia. Alimwomba mumewe asimame kidogo, akakibeba kiti na kuzunguka nacho mpaka upande wa pili wa mashine, pale maboksi yanapotokea.

"Kaa huku," alimwambia.

Upande huo mpini ulikuwa kushoto. Kornel, ambaye miaka yote amefanya kazi peke yake, anasema hakuwahi kufikiria kwamba kuna mtu angeweza kukaa pale. Batuli alisimama mahali pa kuingizia karatasi. Selemani aliichukua manila kwanza, akaiweka shavuni, akasema "Huku," na kumrudishia. Kisha akazungusha.

Rola zililia. Boksi likatoka likielekea kwake, nyoofu pande zote. Selemani alipitisha kidole kwenye kingo zake, akarudia, kana kwamba anatafuta kosa.

"Mkono wako?" alimuuliza mkewe.

"Unapumzika," Batuli alimjibu. "Si unazungusha wewe?"

Selemani hakutaja tena mashine ya umeme.

Hii haimaanishi kwamba chaguo hilo halina gharama. Mashine ya Kornel haiwezi kuandika majina, na mabibi harusi wa siku hizi wanataka majina. Kwa hilo Batuli amekwisha kuelewana na Julieth, ambaye atakata herufi kwa mashine yake naye Batuli atazibandika. Dirisha wanalolitaka wauza asali kwenye maboksi yao litangoja kalibu nyingine, labda mwakani. Julieth anasema awali alidhani mama amepotea njia. "Nilipoambiwa kisa chenyewe, nikaelewa. Mimi nilikuwa nauza mashine, yeye alikuwa anatafuta kitu kingine."

Sasa wanasubiri Kornel amalize kazi za mwisho ili mashine iletwe kwa treni. Mahali pake barazani pameshafagiliwa. Kuna meza nzito ya mninga katikati na viti viwili vinavyotazamana. Kila baada ya alasiri, Selemani hukaa na cherehani ya mkono isiyo na uzi na kuizungusha kwa mkono wa kushoto ili kuuzoesha.

Jioni hii mwandishi anamuuliza Batuli anatarajia nini mashine ikifika. Anataja Shaabani, wateja, na safari ya Mwanza kumwona Zuwena. Kisha swali linamfikia Selemani.

Anasimamisha cherehani. Mkewe hamsaidii kujibu.

"Miaka mitatu," anasema, "nalala bila kuchoka." Anapumzika, anayatafuta maneno. "Kila jioni yeye anajinyoosha, anasema leo nimechoka. Mimi nimekaa tu tangu asubuhi. Namwonea wivu."

Anaushika tena mpini wa cherehani.

"Nataka nichoke," anasema.

Batuli anainama juu ya karatasi zake. Kisha anaichukua manila moja, anaifuta vumbi kwa kiganja, na kuisogeza taratibu mpaka shavuni kwa mumewe.