Sabuni ya Maji ya Chumvi

Mimi nina mdomo, na kazi yangu inataka niufunge. Ni mdadisi. Serikali ikitaka kujua nchi inafanya utafiti kiasi gani, kuanzia viwanda vikubwa hadi vyumba vya uani, tunatumwa sisi na vishikwambi vyetu tukapige hodi. Swali unalisoma lilivyo, jibu unalijaza lilivyotoka. Kumtilia mtu maneno mdomoni ni marufuku, hata ukimwona anapotea.

Kariakoo ndiko nilikokiona cha moto. Wakiona kitambulisho shingoni wanadhani umeleta kodi, basi kila mwenye duka anakuwa amesafiri.

Siku moja nilikuwa kwa mzee mmoja mtengeneza sabuni, duka mbele, karakana nyuma. Mzee alikuwa msikitini, nikapokewa na binti yake, kavaa glavu hadi viwikoni. Visima vya mtaa ule vina maji ya chumvi. Sabuni ya kawaida utasugua mpaka mkono ufe ganzi, povu hulioni. Yeye alihangaika na ndoo na mizani, anachanganya, anamwaga, anaanza upya, hadi akaipata yake. Alinionyesha kwenye beseni. Jamani, povu lilipanda mpaka nikacheka peke yangu.

Hapo akaniambia kwamba kiwanda kimoja nje ya mji kinamtaka, na kinasubiri jibu lake jioni ile. Kuondoka hakutaki. Ila amechoka kufanya kazi ambayo baba yake hajawahi kuitaja hata kwa wageni.

"Dada, muulize maswali yako nikiwepo," alisema. "Nataka nisikie ananiita nani."

Mzee akarudi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniagizia kahawa. Binti alisimama kwenye mlango wa karakana, anafuta mizani iliyokwisha takata. Nikauliza kama hapa kuna utafiti wowote unaofanyika. Mzee akacheka, akasema wao wanapika sabuni tu. Nikauliza kama yupo mtu anayejaribu kubuni bidhaa mpya. Moyo ulikuwa unanidunda utadhani naulizwa mimi. Mzee akautupia jicho ukuta wa mbao unaotutenga na jirani, naye muuza sabuni, akasema hakuna.

Likabaki swali la kazi ya kila aliyepo. Nililisoma polepole, makusudi. Nilitamani nimkanyage mguu.

"Huyu?" Mzee hata hakugeuka. "Huyu anafungasha."

Binti akaacha kufuta. Akavua glavu moja, akavua ya pili, akaziweka juu ya mizani bila kishindo. Akachukua mkoba wake, akapita katikati yetu, akatoka. Nikaona mtandio wake ukipotelea kwenye watu na mikokoteni. Nilimkasirikia yule mzee kwelikweli, na nimekaa na kalamu ya kishikwambi mkononi kama sanamu.

Mzee alidhani kaenda kuifuatilia kahawa. Akasogeza kiti, akaninong'oneza kwa furaha.

"Mwanangu, hapa ukimtaja mwenye ujuzi, kesho jirani kamchukua. Sabuni yote hii ni kichwa cha yule mtoto. Namficha nisije nikampoteza."

Mficha uchi hazai, wahenga walishasema. Swali langu lilikuwa limejibiwa, sharti halikunifunga tena. Nikamwambia kuna kiwanda kinamsubiri binti yake jioni hii, na kwamba alisimama pale akingoja kusikia ataitwa nani.

Akageuka, akauona mlango mtupu, akaziona glavu. Akasimama, akakaa tena. Kisha akapaza sauti ambayo jirani lazima aliisikia.

"Andika yupo! Andika ni mtafiti, andika ni binti yangu!"

Nikarudi kwenye lile swali, nikafuta, nikajaza mtafiti mmoja. Kishikwambi kikaleta swali linalofuata, nami kazi yangu ni kusoma.

"Mtafiti huyo bado anafanya kazi hapa?"

Mzee alikuwa ameinuka, amezishika zile glavu. Zilikuwa bado zina joto la mikono.