Broka Asiyemwachia Mwenye Nyumba Wageni

Saa tatu na nusu asubuhi, Wamaitha Muiruri anafungua madirisha ya nyumba isiyo yake. Anapangusa meza, anafukuza kuku barazani, kisha anamgeukia mwenye nyumba, Mzee Kiprugut, aliyeshika birika la chai.

"Mzee, leo hakuna chai. Tafadhali."

"Wageni waje kwangu wakae midomo mikavu? Hiyo ni tabia gani?"

Wamaitha, mwenye miaka arobaini na mmoja, ni wakala wa kuuza nyumba mjini Nakuru, mwaka wa kumi na moja sasa. Wenzake hutuma tu namba ya mwenye nyumba, wanunuzi wajipeleke. Yeye? Ng'o! Lazima awepo.

Ana sababu. Akiwa bado mgeni katika kazi, aliwaacha wanunuzi na mama mmoja wa Lanet aliyekuwa akiuza nyumba yake. Mama yule, mkarimu kupita kiasi, aliwaandalia chai na chapati, na vikombe havijapoa akawa ameshawaambia kwamba anauza haraka kwa sababu ya matibabu. Bei ikashuka kwa laki nne.

"Nililia kumshinda," anasema Wamaitha.

Lakini kuwepo nako kuna balaa lake. Wamaitha, Mungu ambariki, hajui kunyamaza. Wanunuzi wawili wameshaiona nyumba hii ya Kiamunyi wakaenda wasirudi. Wiki jana Mzee alimpasulia: "Binti yangu, unawafuata mpaka chooni. Watasemezana saa ngapi?"

Yalimchoma, maana yalikuwa kweli. Na Mzee hana muda. Tangu afiwe na mkewe anaishi peke yake, magoti yamechoka, na anataka kujenga Kuresoi, karibu na bintiye Celestine, angali anaweza kutembea.

Gari linaingia. Ni Kigen na mkewe Jepchumba, walimu kutoka Rongai. Wamaitha anawaonyesha tangi la maji, mita ya stima na mipaka ya ploti. Kisha anafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Boss, madam, ndani tembeeni wenyewe. Sisi tuko hapa kwa geti."

Anamshika Mzee mkono, wanatoka pamoja na birika lake.

Dakika ishirini nzima! Wamaitha anajiuma midomo. Mzee anammiminia chai. Kutoka ndani wanamsikia Jepchumba akicheka.

Hatimaye wageni wanatoka. "Mzee, tumeipenda," anasema Kigen. "Unauza kwa haraka?"

Mzee anafungua mdomo. Wamaitha anamkanyaga kiatu polepole. "Mambo ya bei ongea na mimi, boss."

Kufikia saa sita wamekubaliana, bei haijashuka hata shilingi, na Mzee anampigia Celestine simu.

Wamaitha mwenyewe amepanga vyumba viwili mtaa wa Free Area, elfu kumi kwa mwezi, na binti zake wawili. Anaweka akiba anunue nyumba.

"Siku nikienda kuangalia yangu, broka wa muuzaji akuje, ni haki yake," anasema. "Lakini anisubiri nje. Nataka nisimame jikoni na wasichana wangu, nilie kidogo, bila mtu kuniambia mabati ni mapya."