Kabula Atakaa Mbele

Nakumbuka asubuhi ya posa yangu, mjukuu wangu. Wageni wako njiani kutoka Misungwi, nyumba yetu ya Kirumba inanukia sato wa kukaanga, na mimi nimevimba kwa hasira. Shangazi alikuwa ameamua mdogo wangu Kabula apelekwe kwa jirani mpaka wageni waondoke.

Bibi yako Kabula unamjua. Hajawahi kutembea, na maneno yake hutoka taratibu. "Wakimwona watasema ukoo wetu una kasoro," Shangazi alisema. "Watageuza. Unataka uzeekee hapa?" Nami nilimpenda yule kijana, usicheke, nilimpenda mpaka usingizi ukanikimbia! Tukabishana, na Kabula mwenyewe yupo pale pale mkekani, anachambua mchele wa wageni.

Bibi yetu akatoka jikoni na mwiko. "Nyie! Huyo ni kiti, mnajadili pa kumweka? Kuna aliyemuuliza?"

Nikapiga magoti. "Kabula, unataka nini?"

Hakuwa na haraka. "Gauni jekundu. Na kukaa mbele."

Gauni jekundu ndilo nililoshonewa mimi kwa posa hiyo. Nikamvalisha, nami nikavaa kitenge cha Mama. Wageni wakaingia, shikamoo, marahaba. Mama wa kijana akamkazia Kabula macho. "Na huyu?"

Bibi harusi mtarajiwa hasemi, lakini nilisema. "Mdogo wangu. Akitaka kukaa kwangu, atakaa. Asiyemtaka yeye hanitaki mimi." Shangazi akashika kichwa.

Yule mama akasimama. Nikajua yamekwisha. Kumbe anavua viatu! Akaketi mkekani na Kabula. "Huyu binti," akasema akininyooshea kidole mimi, "hata mimi nikilemaa hatanificha." Kabula akapiga kigelegele, kirefu, mpaka majirani wakaitikia. Sijawahi kufurahi vile tena.

Sasa nasikia wageni wa posa yako wanakuja Jumamosi, na mnataka kaka yako, ambaye naye hatembei, ashinde Buhongwa mpaka waondoke. Ng'o! Muulizeni mwenyewe. Akitaka kujitenga, ni hiari yake. Akitaka kukaa mbele, mpishe. Kumwogesha na kumbeba ni kazi, mgongo wangu unaijua, lakini usimlee mtu kwa upendo halafu umwonee aibu mbele ya watu.

Mungu akupe mume mwema, na nyumba isiyo na chumba cha kumfichia mtu. Na ujiandae: Kabula ameshatoa gauni jekundu sandukuni, anasema kigelegele cha kwanza Jumamosi ni chake.